Fundo la Nyasi Kwenye Kikapu cha Binti Lipunda

Ninyi vijana mnaoingia kazini siku hizi katika mahakama za Mwingereza mnakabidhiwa kabati la chuma na ufunguo wake, na gundi, na vikaratasi vya kubandika. Hongereni. Mimi nilikabidhiwa chumba cha uani nyuma ya boma la Mdachi, chenye paa la makuti lililovuja pembe tatu, pamoja na kitita cha kamba za usumba. Nikaambiwa kitu chochote kitakachoingia humo kitoke kama kilivyoingia. Amri yenyewe ilikuwa hiyo tu, na katika miaka yote ya kazi niliivunja mara moja. Mara hiyo moja mwanamke asiye na kosa alikaribia kunyongwa, na ndiyo sababu nimekaa kuwaandikia.

Kazi yangu ilikuwa kutunza vitu vya kesi. Panga lililomjeruhi mtu, mlango uliovunjwa, shuka iliyoibwa, vyote vilikuja kwangu vikingoja siku ya shauri. Wadachi walikuwa na jina lao refu la kazi hiyo ambalo ulimi wangu haukuliweza. Watu wa mjini waliniita Bwana Vitu, na mpaka leo wazee wenzangu wananiita hivyo. Mji wenyewe sitautaja. Uko pwani hii yetu, kati ya Kilwa na Lindi, na wajukuu wa watu nitakaowasimulia wapo, tena wengine ndio wanaonipimia samaki. Majina nimeyageuza yote.

Msidhani ilikuwa kazi ya huzuni kila siku. Wakati fulani watu wawili waligombea mbuzi, naye mbuzi akaletwa kwangu angoje shauri. Nikaandika: mbuzi jike mmoja, mweupe, sikio la kushoto limepasuka. Shauri likaahirishwa mara mbili, tatu, na mbuzi akazaa pacha stoo. Siku ya siku nikatoka mbele ya bwana shauri, yule Mdachi aliyekuwa akihukumu, nikiwa na mbuzi watatu. Akatazama karatasi, akatazama mbuzi, akaniuliza wale wawili nimewaiba wapi. Wale wagomvi nao, waliokuwa wamekwisha kuchoka na kesi, wakaanza upya kwa nguvu mpya.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Hatibu. Alikuwa tarishi tangu enzi ya Sultani, jicho moja limefunikwa na mtoto wa jicho, na lile jingine lilikuwa likiona kwa ajili ya yote mawili. Alikuwa mkali, mzaha wake ulichoma, na nilimpenda kama baba. Wiki yangu ya kwanza niliandika kwenye orodha: kisu chenye damu. Akanirudishia karatasi.

"Damu umeijuaje?"

"Mzee, si nyekundu?"

"Andika doa jekundu. Damu ataisema bwana shauri akitaka."

Nikaona mzee ananionea. Siku ya shauri mwenye kisu akalamba lile doa mbele ya watu wote, likatoka. Ilikuwa tambuu. Ningeandika damu, yule bwana angerudi nyumbani kwa shida. Tangu siku hiyo nikawa naandika ninachokiona, siyo ninachoambiwa. Lakini kuna kitu Mzee Hatibu alinifundisha ambacho sikukielewa upesi. Alisema kitu kikija stoo kinakuja na uchafu wake, na uchafu wake nao ni mali ya shauri. Mimi nilikuwa mtu wa usafi. Nilipenda vitu vyangu vikae safu, vimepanguswa, kila kimoja na kamba yangu na kibao chake cha namba. Nilijiona fundi.

Sasa nije kwenye habari yenyewe.

Vita vya Maji Maji vilikuwa vimekwisha, lakini njaa ndiyo kwanza ilikuwa inabisha hodi mjini. Bara mashamba yalikuwa yamechomwa na maghala pia, na watu walikuwa wakishuka pwani mmoja mmoja, mifupa mitupu, kutoka pande za Likawage na kwingineko. Sisi wa mjini tuliwaita washenzi. Nalisema hili kwa aibu, kwa sababu mama yangu mzazi alikuwa Mmwera wa Nyangamara, na mjini nilikuwa nikijifanya sijui hata njia ya kwenda huko.

Miongoni mwa waliokuja alikuwa mjane mmoja Mngindo, Binti Lipunda. Mumewe alikufa vitani. Bwana Abeid, mfanyabiashara wa ufuta na mpira, mtu mwema kwa kweli, akampa kibanda uani kwake, naye akawa anatwanga na kuteka maji. Mke wa Bwana Abeid aliitwa Bi Mwanaisha, mwanamke wa heshima zake, mkubwa wa sauti kuliko wa mwili.

Mchana mmoja Bwana Abeid alikula ugali na mpwa wake barazani. Wanawake, kama kawaida, walikuwa wakingoja wanaume wamalize. Hawakumaliza. Bwana Abeid alilalamika koo linawaka, kisha kizunguzungu, kisha akaanguka akitetemeka mwili mzima. Kabla ya alasiri alikuwa amekufa. Mpwa wake, aliyekula matonge machache, alilala siku tatu hajijui, akapona. Bi Mwanaisha alisema unga aliutwanga mwenyewe, kutokana na makopa aliyoyakuta kwenye kikapu cha Binti Lipunda jikoni. Makopa mnayajua, mihogo iliyokatwa ikakaushwa. Alisema alikasirika kuona mtumishi ameficha chakula wakati nyumba ina njaa, basi akakichukua.

Askari wakaenda wakapekua jiko na kibanda. Wakarudi na kikapu kikiwa nusu, na kibuyu kidogo chenye maji kilichozibwa kwa gunzi.

Kibuyu hicho, wanangu! Fikirini ulikuwa mwaka gani. Watu walikuwa wamekufa maelfu kwa kuamini maji, na sasa mjane kutoka bara amekutwa na kibuyu cha maji na bwana wake amekufa. Mjini pasingekuwa na neno jingine. Askari mmoja alikataa kukishika, akakileta kwangu kikining'inia kwenye ncha ya fimbo, mkono ameunyoosha na uso ameugeuza. Muuza kahawa alisema maji yale yanazunguka yenyewe ndani. Mwalimu wa chuo alisema ameota. Wanawake kisimani walisema Binti Lipunda alikuwa akitaka kuolewa na Bwana Abeid akakataliwa, na wengine wakasema aliolewa kwa siri. Wapo waliosema mpwa ndiye aliyempa kazi hiyo ili arithi, naye akala kidogo makusudi asishukiwe. Bwana shauri alipoamuru kuku anyweshwe yale maji, mji mzima ulikuja kutazama. Kuku alikunywa, akajikung'uta, akaendelea kudonoa. Basi wakasema wote kwa pamoja: mnaona? Ingekuwa sumu ya kawaida kuku angekufa. Huu ni uchawi.

Na mimi je? Mimi nilikuwa mfalme. Ufunguo wa chumba chenye kibuyu ulikuwa kiunoni mwangu. Kila nikipita naitwa kahawani, nasogezewa kiti, nasogezewa halua, naulizwa: Bwana Vitu, leo kikoje? Siku ya kwanza nilijibu hakina kitu. Nikaona nyuso zimeanguka, na halua haikuongezwa. Siku ya pili nikasema kinatoka jasho. Haukuwa uongo; kibuyu chochote chenye maji hulowana nje. Lakini nililisema kwa sauti ya chini, nikatikisa kichwa, nikanyamaza. Mngeziona zile nyuso.

Basi nieleze nilivyopokea vile vitu siku vilipoletwa. Kibuyu nilikitazama mpaka macho yakauma. Niliandika urefu wake, rangi yake, ufa wake, gunzi lake, mstari kwa mstari, ukurasa mzima. Kikapu nilikitazama mara moja. Kilikuwa kikapu cha bara, kichafu, na kwenye mkono wake kilikuwa na msokoto wa nyasi kavu, umefungwa fundo. Nikaona ni takataka za kishenzi. Nikalifungua lile fundo, nikatupa nyasi nje pamoja na taka zilizofagiliwa, na pale pale lilipokuwa nikafunga kamba yangu na kibao cha namba. Nikaandika: kikapu kimoja, makopa nusu. Nikaenda kunywa kahawa.

Utaratibu ulikuwa kwamba kabla ya shauri mshtakiwa aonyeshwe kila kitu, akiri kuwa ni chake au akane. Binti Lipunda aliletwa stoo na askari, mikono imefungwa. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alikuwa na namna ya kukutazama bila kupepesa. Kibuyu akakiri bila wasiwasi. Kikapu akakitazama muda mrefu.

"Kikapu changu," akasema. "Fundo langu liko wapi?"

"Fundo gani?"

"La nyasi. Hapo, ulipofunga kamba."

Nikatazama kamba yangu. Wakati huo sikujua bado fundo lina maana gani. Nilijua tu kwamba kitu kiliingia na hakitatoka kama kilivyoingia, na kwamba boma lilikuwa na kiboko kwa watu wa namna yangu. Nikasema, "Hakuna fundo lililoandikwa hapa." Jibu la karani. Sikusema halikuwepo, nilisema halikuandikwa. Askari akamwondoa.

Siku ya shauri uwanja wa boma ulijaa. Bwana shauri alikaa mezani, liwali na wazee wanne wa mji pembeni yake. Shahidi wa kwanza, muuza nazi, aliapa kuwa kibuyu kile hutoka jasho kila Bwana Abeid anapotajwa. Akaulizwa ameliona wapi. Akasema ameambiwa na mtu wa kuaminika wa bomani. Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha Binti Lipunda akasimama, akaeleza kwa utulivu. Kibuyu kilikuwa na maji ya majivu, ya kulainishia mboga kwa kuwa chumvi hakuna. Kikapuni hayakuwa makopa. Ilikuwa ndiga. Ndiga ni kiazi cha porini, kinachimbwa wakati wa njaa, na kibichi kinaua. Kwao hukatwa vipande vyembamba, hutiwa kikapuni, huzamishwa kwenye mto unaokwenda kwa siku tano au zaidi mpaka sumu iondoke, kisha hukaushwa na kutwangwa. Yeye alikuwa na vikapu viwili. Kimoja kilikuwa mtoni siku ile, naye alikuwa huko akikiangalia. Cha pili kilikuwa kinangoja zamu, amekianika kisioze.

"Ukaacha sumu jikoni kwa bwana wako?" liwali akauliza.

"Nilikifunga fundo. Kikapu chenye fundo la nyasi hakijaenda mtoni. Kwetu hata mtoto hagusi."

"Kwa nini hukumwambia Bi Mwanaisha kwa mdomo?"

Hapo ndipo sauti yake iliposhuka. "Niliona aibu. Hapa mjini wanatucheka tunaokula ndiga. Nilitaka iive kwanza."

Bwana shauri akaomba karatasi yangu. Akaisoma ya kibuyu, ukurasa mzima. Akaisoma ya kikapu, maneno manne. "Hakuna fundo," akasema. Na jambo zima likasimama hapo. Kama fundo lilikuwepo, mwanamke aliwaonya watu wa nyumba kwa namna aliyoijua. Kama halikuwepo, basi aliweka kitu kinachoua jikoni, kikiwa na sura ya makopa, katika nyumba yenye njaa, akaondoka. Na kwa hilo kulikuwa na kamba. Shauri likaahirishwa mpaka keshokutwa yake, kwa kuwa kesho ilikuwa Ijumaa.

Baada ya swala ya Ijumaa nilimfuata Mzee Hatibu kwake. Alikuwa amekwisha kuacha kazi, amekaa anasuka kamba.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Una sura ya mtu aliyevunja chungu cha mama mkwe."

Nikamweleza yote, mpaka habari ya jasho. Hakunikemea. Alisuka kamba yake mpaka ikafika mwisho ndipo akasema.

"Ukinyamaza, nani atajua?"

"Hakuna."

"Ukisema, watakufanya nini?"

"Watanichapa. Labda watanifukuza."

"Basi umekwisha kupima. Mimi sina mizani nyingine." Akanitazama kwa lile jicho moja. "Ila kusema peke yake hakutoshi. Watasema amekuroga. Wale wazee wa mji hawajui fundo hilo, na ukiwauliza watu wa bara lina maana gani, wataambiwa wanamtetea mwenzao. Usimuulize mtu kitu kina maana gani. Mpe mkononi, utazame atakifanya nini."

Usiku nilimwambia mke wangu, akalia, kisha akanifulia kanzu.

Jumamosi nilisimama kabla hata shahidi hajaitwa. Nilikuwa nimevaa ile kanzu safi. Nikasema: "Bwana Mkubwa, fundo lilikuwepo. Nililifungua mimi, nikalitupa. Na habari ya jasho ni yangu pia. Kibuyu chochote hulowana." Uwanja ulilipuka. Waliokuwa wakinisogezea halua juzi ndio waliopiga kelele kuliko wote. Kahongwa! Karogwa! Hivi hamwoni macho yake? Mzee mmoja wa mji akasema inaonekana nimelala stoo na kibuyu.

Bwana shauri aligonga meza mpaka wakatulia. Akaniuliza kama nina la kuthibitisha. Nikamwomba vitu viwili: makopa mazuri kutoka ghala la boma, na wafungwa watatu wa bara wa mnyororo, kila mmoja kutoka upande wake, wasioonana wala kusikia yaliyosemwa. Liwali akapinga. Bwana shauri akafikiri kidogo akasema, "Lete."

Tukajaza vikapu viwili makopa mamoja. Binti Lipunda, nyuma ya pazia, akakifunga kimoja fundo la nyasi. Akaletwa wa kwanza, Mmatumbi. Akawekewa vikapu viwili, akaambiwa chukua ule. Mkono wake ukapita juu ya kile chenye fundo kama vile hakipo, ukazama kwenye cha pili. Watu wakanong'ona kuwa ni bahati. Akaletwa wa pili, Mngindo wa Likawage. Tukabadilisha vikapu mahali. Naye akaenda kwenye kile kisicho na fundo.

Wa tatu alikuwa Mmwera, na huyo sitamsahau. Njaa ilikuwa imemmaliza. Shingo yake haikuwa nene kuliko kifundo cha mkono wangu. Hapo nikafanya jambo ambalo halikuwa katika mpango. Nikaondoa kikapu kisicho na fundo, nikamwachia kimoja tu, chenye fundo, kimejaa makopa meupe yaliyotoka ghalani asubuhi ile. Akaambiwa, kula.

Akapiga magoti. Tuliona koo lake likimeza mate. Akanyoosha mkono, ukafika kwenye fundo, ukasimama. Kisha akakisukuma kikapu taratibu kwa mgongo wa mkono, akainua uso.

"Bwana," akasema, "hiki hakijatoka mtoni. Mwenyewe yuko wapi?"

Nilisikia bendera ikipigapiga juu ya boma. Mtu yule angeweza kula, na kilichokuwemo kilikuwa chakula kizuri, na alikuwa anakufa njaa, na bado hakukigusa kwa sababu mtu asiyemjua alifunga nyasi juu yake. Nikamtazama, nikamwona mama yangu. Nililia mbele ya mji mzima na sikujali.

Ndipo Bi Mwanaisha alipopiga yowe. "Nililiona! Wallahi nililiona lile fundo! Nikadhani ni nyasi tu!" Akaanguka chini, na mtu wa kwanza kumfikia alikuwa Binti Lipunda. Askari walitaka kumzuia, bwana shauri akawapungia mkono wamwache.

Binti Lipunda aliachiwa siku ile ile. Mimi nilichapwa viboko kumi na tano na nikarudishwa kazini, na kwa vyote viwili nashukuru. Nashukuru kwa kiboko kwa sababu kilinifanya nijione nimelipa kidogo. Nashukuru kwa kazi kwa sababu miaka iliyofuata sikutupa hata unyoya. Ninyi mtakaopokea vitu, andikeni mpaka uchafu. Kile ambacho mji mzima unakitazama kina macho ya kutosha. Ninyi tazameni kile cha pembeni. Na mkiwa na ufunguo kiunoni, msinywe kahawa ya watu.

Namshukuru Mzee Hatibu, Mungu amrehemu, ambaye hakuniambia la kufanya. Namshukuru yule Mmwera ambaye jina lake sikulipata. Nilipeleka makopa jela siku mbili baadaye nikaambiwa amehamishwa. Ila shukrani kubwa ni ya mwingine.

Njaa iliingia mjini kweli mwezi uliofuata. Mtama uliisha, mchele uliisha, samaki hawakutosha. Mke wangu aliniambia wanawake wamekwenda mtoni kwa Binti Lipunda, nikaenda kuona. Walikuwa wengi, kanga na kaniki zimefungwa magotini, wamesimama majini, wale wale waliokuwa wakisema kisimani. Bi Mwanaisha alikuwa katikati amevaa nguo za eda, akikata vipande na kupitisha. Hakuna aliyemwambia mwenye eda hatoki. Binti Lipunda alikuwa akiwaonyesha vipande viwe vyembamba kiasi gani, kikapu kiegemee jiwe gani, maji yapite wapi. Alikuwa akiwagombeza kwa Kingindo na walikuwa wakitii.

Nikamsogelea na kikapu cha nyumbani kwangu. Nikamsalimu, nikamwomba radhi. Nikamuuliza lililokuwa likininyima usingizi.

"Ulijua ni mimi niliyelitupa?"

"Nilijua siku ile stoo. Uliitazama kamba yako, hukunitazama mimi."

"Mbona hukunitaja siku ya shauri?"

"Ningesema, wangesema nawasingizia watu wa boma. Neno lile lilikuwa litoke kwako."

"Na kama nisingesema?"

Alikuwa akipanga mawe juu ya kikapu cha mtu, asiinuke. Alikiwekea jiwe la mwisho, akakitikisa kuona kama kimekaa.

"Mwaka huu mngekula nini?" akasema, akanyoosha mkono nimpe kikapu changu.

Kilikaa mtoni siku sita. Siku ya saba tulikianika, siku ya tisa mke wangu akatwanga, akasonga ugali, na tukakaa mkekani sote sita tukiutazama. Nikanyoosha mkono wa kwanza kwa kuwa mimi ndiye baba. Asubuhi niliamka kabla ya adhana, nikawagusa watoto mmoja baada ya mwingine, wote wanne wakanilalamikia kwa kuwaamsha mapema.